NENO “KUDUMU” NA SISI TULIANDIKAO

Bwana Mhariri,

Kwa ruhusa yako naomba nafasi katika gazeti letu nipate kusema juu ya neno moja ambalo sisi watumishi wa Serikali twaliandika kila siku, wala hatuulizi lina urefu gani. Neno hilo ni “kudumu”. Twaandika kazi ya kudumu, jengo la kudumu, makazi ya kudumu. Makarani, wapimaji, wathamini na watunza majalada, sote tumelitia wino neno hili mpaka limekuwa kama mhuri: mtu huligonga bila kulisoma. Mimi nimelitumikia kwa miaka mingi hapa Dodoma, na sasa nimestaafu, nataka kulishitaki. Nakiri mapema kwamba katika shitaka hili mimi ni mmoja wa washitakiwa.

Miaka kadhaa kabla ya 2017, katika ofisi ambayo sitaitaja, nilitumwa kufuatana na mthamini kwenda kitongoji kimoja cha mashariki ya mji, mahali ambapo barabara ilikusudiwa kupita. Kazi yangu ilikuwa kushika karatasi na kuijaza. Katika karatasi ile mlikuwa na safu yenye maneno mawili, “la kudumu” na “la muda”, na karani alitakiwa kukata moja na kuacha moja. Tukafika kwenye nyumba ya tembe ya Kigogo: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, mtama umeanikwa juu yake, na zizi la ng’ombe mbele ya mlango. Mthamini akapima kwa utepe wake, akanitajia hesabu. Mimi nikakata “la kudumu”. Mwenye nyumba, mzee aliyekuwa ameketi juu ya kigoda akitutazama tangu mwanzo, akaniuliza nimeandika nini.

“Nimeandika jengo la muda, mzee.”

Akatikisa kichwa. “Mwanangu, katika jengo hili la muda nilizaliwa mimi. Baba yangu alifia humu. Na wewe wakaa wapi?”

Nikamweleza, kwa fahari kidogo, kwamba nakaa mjini, nimejenga nyumba ya matofali na bati, nami nina hati.

“Hati yako ni ya miaka mingapi?”

Hati yangu ilikuwa ya miaka 33, na 14 katika hiyo ilikuwa imekwisha pita. Sikumjibu. Nilifunga jalada, nikasema tunachelewa.

Wasomaji walio nje ya Dodoma huenda wakashangaa miaka hiyo 33 ilitoka wapi. Mwezi wa Oktoba 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahame Dar es Salaam yaje huku katikati, na kazi hiyo ikakadiriwa kumalizika katika miaka 10. Mwaka uo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu hapa aliiita CDA. Mamlaka hiyo ikakabidhiwa ardhi ya mji pamoja na ya vijiji vingi vilivyouzunguka, nayo ikawa kama mwenye nyumba na sisi sote wapangaji wake. Aliyetaka kiwanja alipewa hati ya miaka 33, wakati ambapo mwenzake wa Morogoro au Tabora aliweza kupewa na Serikali hata miaka 99. Tulijenga juu ya hati hizo nyumba za saruji, tukaziita nyumba za kudumu, tukaweka na mageti.

Tarehe 15 Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja Mamlaka hiyo, akahamishia kazi zake kwa Manispaa, na akaagiza hati zote za miaka 33 zibadilishwe ziwe za miaka 99. Mamlaka ilikuwa imeishi miaka 44. Tazameni hesabu hii, ndugu zangu: mtu aliyepewa hati mwaka 1985 angefika mwisho wa hati yake mwaka 2018, na mwaka huo angekuta yule aliyempa amekwisha kufa kabla yake. Mpangishaji ametangulia kaburini, mpangaji angali na karatasi.

Nilifurahi kama wengine, sisemi uongo. Miaka 99 ni umri wa mtu na wa mjukuu wake. Lakini furaha ilipotulia nilianza kujiuliza: ikiwa tamko la siku moja laweza kugeuza 33 kuwa 99, ni kitu gani kizuiacho 99 isigeuzwe kuwa 33? Kalamu ni ile ile. Tofauti ni kwamba safari hii ilituelekea kwa wema.

Mtu atanijibu kwamba miaka 33 na miaka 99 yote ni muda, si kudumu, basi mfano wangu haufai. Haya, na tutazame ardhi iliyotolewa bila mwaka wowote wa mwisho. Wadachi, waliotangaza kwa amri ya mwaka 1895 kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola lao, waliwauzia walowezi mashamba kwa milki huru, yaani mali ya mtu na ya warithi wake bila kikomo. Waingereza walipoitwaa nchi hawakuzifuta hati hizo. Kama sheria iliwahi kuwa na neno lenye maana ya milele juu ya udongo wa Tanganyika, basi ni hilo. Mwaka 1963 Bunge lilitunga sheria moja, na milki huru zote zikageuka kuwa upangaji wa Serikali wa miaka 99. Miaka 6 baadaye upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kukaa tu juu ya ardhi ya umma. Mimi naona ilikuwa haki kufanya hivyo, na silii juu ya mashamba ya walowezi. Lakini jambo hilo latufundisha jinsi neno lifanyavyo kazi: milele ya sheria hukaa mpaka sheria nyingine isomwe mara ya tatu.

Na upande wa pili wa sarafu ni wa kuchekesha zaidi. Mwaka 1965 nchi yetu ilitungiwa katiba, nayo kwa jina lake yenyewe ikaitwa Katiba ya Muda. Hiyo ya muda ilitawala miaka 12. Ndipo mwaka 1977 ikaja ile ambayo watu waliiita ya kudumu, na kufikia mwaka 2005 ilikuwa imefanyiwa mabadiliko mara 14. Ya muda ilidumu, ya kudumu ikabadilika. Mwenye macho na aone.

Kwa hiyo “kudumu” katika sheria si “milele”, wala halijapata kuwa. Maana yake ni ndogo na kavu: tarehe ya kukoma haikuandikwa. Na kutoandikwa kwa tarehe si ahadi kwamba tarehe haitakuja. Ni kusema tu kwamba yuko mtu mwingine atakayeitia baadaye. Wanasheria wenyewe walijua, ndiyo sababu walipoandika kwa uangalifu walilikwepa neno letu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikusema kwamba hakimiliki ya kimila ya raia ni ya milele. Ilisema yaweza kutolewa kwa muda usio na ukomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilipotungwa ilitaja mikataba ya aina tatu, nayo ni ya muda usiotajwa, ya muda maalumu, na ya kazi maalumu. Muda usiotajwa! Hayo ndiyo maneno ya watu waaminifu. Sisi wa ofisini ndio tunaoyachukua maneno hayo makavu na kuyapaka mafuta, tukamwambia mtu, “Wewe umepata kazi ya kudumu.”

Juu ya kazi sitakaa sana, kwa kuwa kila msomaji wa gazeti hili aijua barua yake ya ajira. Imeandikwa “masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni”. Maneno mawili hayo yakitazamana vizuri yanakanushana, maana lililo la kudumu lingewezaje kuwa na uzee? Mtumishi wa kawaida huondoka kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60, na hapo kudumu kwake kumekwisha. Tarehe 28 Aprili 2017, katika jiji letu hili hili, ilitolewa orodha ya watumishi 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi, wakaamriwa watoke kazini. Siwatetei; aliyeghushi cheti amemwibia nafasi kijana wa jirani yake aliyekesha akisoma. Nataka tu muone kwamba barua za kudumu hazikumkinga hata mmoja wao. Na siku 17 tu baada ya hapo ndipo Mamlaka iliyotupa viwanja ilipovunjwa. Katika wiki tatu mji mmoja uliona kazi za kudumu zikikoma na hati za muda zikirefushwa, na sisi hatukuchota humo hata tone la elimu.

Kinachomlinda mtumishi ni njia ambayo haina budi kupitwa kabla ya kumwondoa, wala si neno lililo katika barua yake. Iliwahi kuripotiwa hukumu ya Mahakama Kuu kuhusu mtumishi aliyeondolewa “kwa manufaa ya umma”. Mahakama ilisema kwamba hata uwezo wa Rais wa kumwondoa mtumishi hauwi wa kupenda tu, bali mtu huyo sharti aelezwe sababu na asikilizwe. Hukumu hiyo ina thamani kuliko “kudumu” elfu moja, kwa sababu yamwambia mtu ni nani awezaye kumgusa na kwa njia gani.

Sasa narudi kwenye tembe la mzee, maana hapo ndipo neno hili linapouma. Mtumishi akidanganywa na “kudumu” huwa ana chama, ana mfuko wa pensheni, aweza kuandika barua kama hii. Mzee wa kitongoji hana ila nyumba ile, na karani kwa mstari mmoja wa wino ameishusha thamani.

Ningependa kumuuliza yeyote aliyebuni safu ile: sheria gani ilimwambia kwamba kudumu ni saruji? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inapoeleza maendelezo ambayo mwenye ardhi hulipwa, yataja kitu chochote kilichoshikamana na ardhi kwa kudumu, kilichotokana na mtaji au na kazi ya mikono, chenye kuongeza manufaa ya ardhi hiyo. Na kwa maneno yake yenyewe yaingiza humo miti na mazao yaliyosimama shambani. Mtama uliosimama shambani, ndugu zangu! Mtama wa miezi minne yahesabiwa umeshikamana na ardhi kwa kudumu, na nyumba iliyozaliwa vizazi vitatu yaandikwa ya muda. Hapana wazimu katika sheria. Wazimu uliingia pale tulipochukua neno lenye maana ya kushikamana tukalipa maana ya ugumu. Tembe hutengenezwa upya. Kila masika udongo wa paa huongezwa, mti uliooza hutolewa na mwingine huingizwa, na hivyo nyumba huendelea. Nyumba yangu ya saruji haijaongezwa kitu tangu nihamie, na nyufa zake nazijua moja moja kwa majina.

Twasema pia kwamba Wagogo ni watu wa kuhama, basi makazi yao si ya kudumu. Haya nayo niliwahi kuyaandika. Lakini nani aliyewahamisha? Katika njaa kuu iliyofuata Vita vya Kwanza, ile ambayo wazee waliita Mtunya, watu walitawanyika kwa kuwa majeshi yalikuwa yamechukua ng’ombe na nafaka zao na mvua ikagoma. Mwaka 1971 katika Operesheni Dodoma walihamishwa na Serikali kwenda vijiji vya ujamaa. Kisha kuanzia 1973 wengine waliambiwa kwamba wamo ndani ya eneo la makao makuu. Mtu ahamishwe mara tatu na wengine, halafu karani aje aandike kwamba huyu ana desturi ya kuhama!

Mahakama zetu ziliona jambo hili mapema kuliko ofisi zetu. Mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu na Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikataa sheria ya mwaka 1992 iliyotaka kuzifuta haki za kimila katika vijiji bila fidia ya haki. Ilisema kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, na Katiba hulinda mali. Ikasema zaidi kwamba fidia ya haki haiishii katika majengo na mimea tu: mtu aliyetia jasho lake katika ardhi astahili kulipwa hata kama hapana kitu kisimamacho juu yake. Soma tena maneno hayo, wewe karani mwenzangu uliyeshika fomu. Mahakama ya juu kabisa ya nchi haikuuliza kama nyumba ni ya bati.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa kwamba Serikali haiwezi kujifunga mikono. Kwamba barabara, hospitali na reli zahitaji ardhi. Kwamba ikiwa kila neno la kudumu lingekuwa la milele, hata reli iliyofika Dodoma mwaka 1910 isingepita. Nakubali yote. Mimi mwenyewe napita katika barabara ile. Mji huu, ambao masimulizi husema ulipata jina lake kwa tembo aliyezama katika tope, hautaki kuzamishwa na mabishano ya maneno. Lakini jibu hilo ndilo hoja yangu. Kama Serikali yahitaji uwezo wa kukomesha, na yauhitaji kwa haki, basi iseme hivyo mbele ya mtu siku ile inapompa, isingoje siku ya kumnyang’anya. Mzee aambiwe: ardhi ya nchi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake, haki yako haina tarehe ya mwisho, lakini yaweza kutwaliwa kwa manufaa ya umma, na ikitwaliwa utalipwa fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na fidia hiyo ina thamani ya ardhi yenyewe, si ya nyumba peke yake, pamoja na posho ya usumbufu na ya usafiri. Ni maneno ya nusu dakika. Sikupata kuyasikia yakisemwa katika kitongoji hata kimoja nilichokwenda, wala mimi sikuyasema.

Na wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wanasheria, karani hana neno. Huo ni woga tu. Hapana mwanasheria aliyefika kwenye tembe lile; alifika mthamini na karani. Sheria yote ya ardhi ya nchi, kwa mzee yule, ilikuwa mimi na kalamu yangu ya wino wa bluu.

Basi naomba chama chetu, katika mkutano wake ujao wa tawi, kiwaandikie wanaotunga fomu hizo. Safu ya “kudumu” na “muda” ifutwe, na mahali pake paulizwe ni nani anayekaa hapa na tangu lini, jengo limejengwa kwa kitu gani, na gharama ya kujenga lingine kama hilo leo ni kiasi gani. Katika barua za ajira, chini ya maneno “masharti ya kudumu”, uandikwe mstari wa kueleza ni nani awezaye kuikomesha ajira hiyo, kwa sababu zipi, na kwa taarifa ya siku ngapi. Na mwenye kupewa hati ya kiwanja asomewe masharti ya kufutwa kwake kwa Kiswahili, kabla ya kutia sahihi, na anayemsomea atie sahihi kwamba amesoma. Kazi hii haihitaji Bunge. Yahitaji mashine ya kuchapia na mkuu wa idara mmoja asiyeogopa.

Mzee yule alilipwa kwa hesabu ya jengo la muda. Fedha zilitosha bati na si matofali. Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, sokoni, naye alinitambua kabla sijageuka. Akanisalimu vizuri, akaniuliza kama hati yangu ingali ina miaka.

Mimi ndimi,
Karani Mstaafu,
Dodoma.